Wajukuu Wangu Walivyoacha Adabu

Wajukuu wangu walikuwa na adabu iliyonitia hofu.

Nilifika nao Johannesburg mwezi wa tano wa mwaka 2017, tukitokea Uvira, mabasi juu ya mabasi, ili niwakabidhi kwa baba yao, mwanangu wa pili. Msichana alikuwa na miaka kumi na miwili, mvulana minane. Mama yao alifariki mvulana akiwa bado ananyonya. Baba yao aliondoka mwaka uleule kutafuta maisha huku kusini, mimi nikabaki na watoto. Niliwalea katika nyumba ya sala. Mimi ni katekista. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kuwaandaa watu kwa ubatizo na watoto kwa komunyo ya kwanza, na wajukuu wangu walikulia katikati ya masomo hayo kama vifaranga wanavyokulia jikoni.

Siku tuliposhuka kwenye basi, msichana alipiga goti kidogo, akampa baba yake mikono miwili. "Jambo, papa." Mvulana akafanya vilevile. Mwanangu alikuwa amefungua mikono yake ili awakumbatie, ikabaki hewani, kisha akaishusha na kuwapokea mizigo.

Niseme hapa kwamba neno "papa" halikunipa faraja yoyote. Kwetu Kongo kila mwanaume mzima ni papa: mwenye nyumba ni papa, askari barabarani ni papa, muuza chumvi ni papa. Mtoto akikuita hivyo hajasema kitu.

Mwanangu alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika karakana ndogo Doornfontein, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, na alikaa mtaa wa nyuma katika chumba kimoja kikubwa alichokigawa kwa pazia alilolishona mwenyewe. Alikuwa amenunua vitanda viwili vya watoto. Alikuwa ametoa nguo zake kwenye rafu mbili za kabati ili watoto waweke zao. Mvulana alimshukuru sana, kisha akaacha nguo zake ndani ya begi, zimekunjwa, zipu imefungwa.

Hivyo ndivyo maisha yalivyoanza. Watoto hawakugombana. Hawakuomba kuongezewa chakula. Waliketi kwenye ncha ya kiti, si kiti kizima. Mvulana alikuwa akisimama mbele ya baba yake na kuuliza, "Papa, naweza kunywa maji?" Msichana aliosha sahani ya baba yake kabla hajamaliza kutafuna. Siku moja mwanangu alileta mishikaki kutoka kwa Wakongo wenzetu wanaochoma pale kona. Mvulana akala kipande kimoja, akafuta mdomo, akasema, "Asante, papa, nimeshiba." Nilikuwa namjua yule mtoto. Kwangu Uvira alikuwa akiiba nyama sufuriani ikiwa bado inachemka, akikimbia huku akipuliza vidole.

Watu wa jumuiya yetu walinisifu. "Mama, umelea! Hawa wa kwetu waliozaliwa huku hawajui hata kusalimia." Niliitikia kwa shukrani, lakini moyoni nilikuwa naona kitu kingine. Ile adabu niliijua, kwa kuwa niliifundisha mimi. Ndiyo adabu ninayowafundisha watoto wote kabla ya kwenda nyumba ya watu: usiguse kitu, usiombe mara ya pili, sema umeshiba, usikalie kitanda cha mwenyewe. Wajukuu wangu walikuwa wageni kwa baba yao, na walikuwa wageni hodari.

Mchana mmoja nilimpelekea mwanangu chakula karakanani. Alikuwa anakunja upindo wa sketi ya shule. Hakuinua macho.

"Mama, wale watoto wananiogopa?"

"Hawakuogopi. Wanakuheshimu."

"Afadhali wangeniogopa."

Nilikaa kwenye rundo la vitambaa nikamwambia niliyokuwa nayo. Ruhusa yangu ya kukaa nchini ilikuwa inaisha mwezi wa nane. Nikamwambia, "Mwanangu, mwezi wa nane ukinikuta na hawa watoto bado wanaomba ruhusa ya kunywa maji, nitarudi nao. Mtoto hawezi kukua ugenini kwa baba yake."

Nilitazamia abishe. Alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Sawa, Mama. Una haki." Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angepiga kelele. Alikuwa amefanya kazi miaka yote hiyo kwa ajili ya siku ile waliposhuka kwenye basi.

Nilisali sana. Niliomba Mungu awape watoto upendo kwa baba yao. Naona sasa kwamba niliomba kwa maneno mazuri na makubwa. Haikunijia kuomba utundu.

Jumuiya yetu ya Waswahili ilikutana katika ukumbi wa parokia baada ya misa: sisi Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya kadhaa. Kila mmoja alikuwa na Kiswahili chake, na kila mmoja aliamini mwenzake amekosea. Watoto waliozaliwa huku walitusikia vizuri lakini walijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Kulikuwa na mama mmoja Mkenya, mwalimu wa chuo kikuu pale Doornfontein, mwenye miwani mikubwa na moyo wa kuhangaika. Yeye ndiye aliyeandaa Jumamosi za watoto wakati wa likizo ya baridi. Jumamosi ya kwanza alionyesha filamu ya Kiingereza, watoto waliotoka Kongo na Burundi wakalala. Jumamosi ya pili alionyesha ya Kifaransa, wa Johannesburg wakacheza mpira ndani ya ukumbi. Jumamosi ya tatu akaniita pembeni.

"Mama, leo nimeleta ya Kijapani. Ya kale sana, kabla hatujazaliwa sote. Inahusu watoto na baba yao, na inachekesha. Tafadhali utufungulie kwa sala, kisha uketi mbele uone kama kuna kitu hakifai."

"Ya Kijapani? Nani hapa anajua Kijapani?"

"Hakuna. Leo wote tuko sawa."

Nilifungua kwa sala. Taa zikazimwa, na kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani ikatokea njia ya vumbi, nguzo za umeme, na nyumba ya mbao. Watoto wawili wa kiume wakapita mbio. Mdomo wa mama yao ukafunguka na kufungwa. Sauti hakuna.

Mpiga kinanda wa kwaya, kijana Mtanzania aliyekuwa na dhamana ya spika, alirukia nyaya zake kama mtu aliyeona moto. Akachomoa, akachomeka, akagonga spika kwa kiganja.

"Spika nzima hii!" alisema gizani. "Jamani, nimeijaribu asubuhi, nzima kabisa!"

"Eish!" walisema watoto wa hapa, wote kwa pamoja.

Mama mmoja Mrundi nyuma yangu akasema, "Tumuombee. Umeme wa mji huu una pepo."

Na kweli akaanza kusali, akiomba kwa sauti spika ifunguliwe, wengine wakaitikia amina, na pale mbele mama wa Kijapani anaendelea kuwagombeza wanawe bila kutoa neno. Mwalimu alisimama akicheka mpaka akavua miwani.

"Ngojeni, ngojeni! Hakuna kilichoharibika. Filamu haina sauti. Iliundwa hivyo."

"Haina sauti kabisa?" nikauliza.

"Kabisa, mama. Zamani filamu zote zilikuwa bubu. Huko Japani kulikuwa na mtu anasimama kando ya kitambaa anawasemea."

"Anawasemea akina nani?"

"Wote walio kwenye picha. Baba, mama, watoto. Ilikuwa kazi yake, alilipwa."

Nilicheka mimi sasa. "Mwalimu, mtu huyo ninaye. Amekaa pale nyuma, mwenye koti la kahawia."

Lazima nieleze. Katika parokia yetu Uvira palikuwa na padre mzee aliyekuwa na mashine ya sinema. Alionyesha filamu za watakatifu na za wakulima wa Ulaya, zote kwa Kifaransa cha haraka ambacho watu wa kwetu hawakukipata. Mwanangu, akiwa kijana wa sekondari, alisimama ukutani na kufasiri. Mwanzoni alifasiri kweli. Baadaye, kwa kuwa mashine ilikuwa na kelele na Kifaransa chenyewe hakikusikika, alianza kuwasemea. Askofu wa Ulaya aliongea kama wamama wa soko la Kalimabenge wanaobishania bei ya ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani. Ng'ombe wa Wabelgiji walilalamikia baridi. Watu walioingia tayari kulia kwa ajili ya mtakatifu walitoka wameshika mbavu. Padre alimkemea kila wiki na kumruhusu kila wiki, maana ukumbi ulijaa.

Wajukuu wangu hawakujua hata moja la hayo. Walimjua mtu mnyamavu aliyekunja upindo.

Nilimfuata nyuma gizani.

"Simama ukawasemee."

"Mama, acha. Nimesahau."

"Mdomo hausahau. Simama."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Kila Jumapili unasimama mbele ya Mungu. Hawa ni akina nani?"

Mtanzania wa kinanda alikuwa ameshafika na kipaza sauti, kwa furaha ya mtu ambaye spika yake imesafishwa jina. Mwalimu akarudisha filamu mwanzo. Mwanangu akasimama kando ya kitambaa, nusu ya uso wake kwenye mwanga. Akakohoa. Watoto wawili wakapita tena mbio, mama yao akatoka mlangoni, akafungua mdomo.

"Nyie!" ilisema sauti ya mama wa Uvira mwenye hasira ya asubuhi. "Nani amekula ndagala za jana? Msiniangalie vile! Paka hatuna!"

Ukumbi ulipasuka.

Baada ya hapo mikono yake ililegea na sauti zikaja zenyewe. Baba wa kwenye filamu alikuwa mtu mwembamba wa kofia na tai, anayekwenda kazini kila asubuhi. Mwanangu alimpa sauti ya mtu mwenye mafua. Bosi wake alikuwa mnene, na kila alipotokea aliongea Kilingala cha wanajeshi wetu, "Yaka awa! Njoo hapa!", na Wakongo wote walijipinda kwa kicheko kwa kuwa kila mmoja wetu amewahi kuitwa vile barabarani. Baba wa filamu aliinama mbele ya bosi, akainama tena, akainama zaidi, kama desturi yao ilivyo. "Samahani, bosi," ilisema ile sauti ya mafua, "kifungo changu kimeanguka. Hapana, siyo hapa. Labda huku." Watoto wa Johannesburg walikuwa wanapiga benchi kwa mikono. Kijana mmoja wao alimwuliza mwenzake kwa Kiswahili, Kiswahili kizima, "Amesema nini? Sikusikia!" Mama yake alimgeukia akamtazama kama mtu aliyefufuka.

Mimi nilikuwa natazama wangu. Mvulana alikuwa amepanda juu ya benchi. Yeye, wa kuomba ruhusa ya maji, alikuwa amesimama juu ya benchi la kanisa na viatu vyake, anapiga mluzi. Dada yake alikuwa bado ameketi wima, mikono magotini, midomo ameibana. Kisha baba wa filamu akapigwa kikumbo na mbuzi, mwanangu akamsemea mbuzi, na midomo ya msichana ikashindwa.

Sasa filamu ikafika mahali ambapo baba anawaahidi wanawe kwamba atakuja shuleni kuwaona wakikimbia mbio. Anawaonyesha kwa vidole: kesho, saa ya jua kuwa juu, mimi, pale. Watoto wanaruka kwa furaha. Asubuhi yake bosi anamwita nyumbani kwake kushika ngazi wakati watu wanatengeneza paa. Anashika ngazi. Huku watoto wanajipanga uwanjani, na kila mmoja anageuza shingo kutazama lango la shule. Filimbi imepulizwa, wanakimbia, na bado wanatazama langoni, mpaka mdogo anaanguka.

Sauti ya mwanangu ilishuka. Alisema maneno machache tu: "Anaangalia kama amefika. Hajafika."

Kuna jambo msomaji anapaswa kulijua. Miaka miwili kabla, mjukuu wangu alipokea komunyo ya kwanza. Baba yake alikuwa ametuambia kwa simu kwamba atakuja. Msichana alitangaza kwa darasa zima nililokuwa nalifundisha. Karatasi za mwanangu hazikutoka kwa wakati, naye angevuka mpaka asingeweza kurudi, basi hakuja. Msichana hakulia siku ile, na hakulitaja tena. Nilidhani amelikabidhi kwa Mungu.

Kwenye kitambaa baba alirudi jioni. Wanawe walikuwa wamefunga lango kwa ndani. Akapanda ukuta wa nyumba yake mwenyewe, kofia ikaanguka nje, suruali ikanasa, watu wakacheka kidogo. Akatua ndani. Mtoto mkubwa akasimama mbele yake, mdogo nyuma yake, na yule mkubwa akafungua mdomo.

Aliongea kwa muda mrefu, yule mtoto. Uso wake wote uliongea. Tulimngojea mwanangu atupe maneno, na hayakuja. Alikuwa amesimama na kipaza sauti karibu na kidevu, mkono mmoja umeinuka, anamtazama yule mtoto ambaye picha yake ilikuwa kubwa kuliko yeye pale ukutani. Yakatokea maandishi ya Kijapani, chini yake Kiingereza kidogo, yakapita. Hakuyasoma. Nilifikiri amechoka. Nikataka kusimama.

Mjukuu wangu wa kike alisimama kabla yangu.

"Anasema, ulisema utakuja!" Sauti yake ilikuwa kubwa, sauti niliyoisikia mara ya mwisho uani kwangu akigombania kamba ya kuruka. "Ulisema! Tulikuwa tunakimbia tunaangalia mlango. Kila papa aliyeingia tunasema ni yeye. Hapana. Kila papa tunasema ni yeye! Nikavaa ile kanzu nyeupe, koko akanisuka, nikaambia watoto wote papa yangu anatoka Afrika ya Kusini. Haukukuja! Sasa wakaniuliza, papa yako iko wapi? Niwajibu nini? Wewe ungejibu nini?"

Mtoto wa kwenye filamu hakuvaa kanzu nyeupe wala hakusukwa nywele na koko, yaani bibi yake. Lakini wengi walikuwa na macho kwenye kitambaa, na mama Mrundi nyuma yangu alisema kwa furaha, "Huyu binti anajua kusemea kama baba yake!"

Pale mbele, baba wa Kijapani alikuwa anajitetea. Alikuna kichwa, alirusha mikono, alionyesha huku alikoshika ngazi. Watu walikuwa wameshajiandaa kucheka. Walingojea ile sauti ya mafua itoe udhuru wa kuchekesha, na mwanangu alikuwa na nyudhuru nyingi, tena za kweli. Alizungumza kwa sauti yake mwenyewe.

"Ni kweli. Nilisema nitakuja, na sikuja."

Basi. Yule mwembamba aliendelea kurusha mikono kwenye ukuta bila neno hata moja, na mwanangu alimwacha ahangaike peke yake.

"Ndiyo!" msichana akasema, kama mtu aliyeshinda kesi. Akaketi, akakunja mikono kifuani, akakipa kitambaa mgongo, midomo imevimba kama andazi.

Miaka mingi nimefundisha ule mfano wa baba mwenye wana wawili, yule aliyepotea na yule aliyebaki. Huwa tunamsikitikia yule mkubwa kwa kuwa alikasirika akakataa kuingia kwenye sherehe. Pale ukumbini niliona nilikuwa nimemruka. Yule mdogo alirudi na hotuba ya adabu aliyoikariri njiani, akiomba awekwe kama mtumishi. Yule mkubwa alisimama uani akamgombeza baba yake. Nani kati yao alikuwa na uhakika kwamba pale ni kwao? Mgeni hakasiriki. Mgeni hushukuru na kufunga zipu ya begi lake.

Filamu iliisha vizuri. Baba wa Kijapani, siku yake ya mapumziko, aliwapeleka wanawe kwenye njia ya vumbi, akakimbia nao mbio akiwa na viatu vya kazini, akashindwa. Mwanangu alizitangaza mbio zile kama watangazaji wa mpira redioni, na watu walisimama kushangilia. Msichana hakugeuka. Ila nilimwona akigeuza sikio moja.

Watu walimzunguka mwanangu kumshika mkono. Mwalimu wa miwani alikuwa ameshaanza kupanga Jumamosi nyingine tatu. Sisi tukatoka. Kwa kawaida msichana alitembea nyuma ya baba yake, kidogo kulia, kama alivyofundishwa. Siku ile alitangulia mbele, hatua ndefu, hakungoja mtu. Tulipofika kwenye robot, kama wanavyoita huku taa ya barabarani, mvulana alitaka kuvuka ikiwa nyekundu ili amfuate, baba yake akamdaka kola.

"Niache!" mvulana akasema. "Dada amevuka!"

"Dada yako atagongwa, na wewe utagongwa, halafu mimi nitabaki na koko peke yangu."

"Koko anapika vizuri," mvulana akajibu. "Utakuwa sawa tu."

Mwanangu alinitazama juu ya kichwa cha mtoto. Nilikuwa nasema asante mahali pengine.

Jioni nilipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki. Msichana alisema hana njaa. Alisema akiwa ameketi kwenye kitanda cha baba yake, amejiegemeza ukutani na miguu juu. Mdogo wake akanyoosha mkono kwenye kipande chake cha samaki.

"Acha, hicho ni cha dada yako," baba akasema.

"Amesema hana njaa."

"Nimesema sina njaa, sijasema uguse!"

"Basi nitakula mimi," mwanangu akasema, akavuta sahani taratibu upande wake.

Msichana akatoka kitandani kama mshale. Akavuta sahani, akaketi chini nayo, akatupa mgongo. Alikula kwa hasira, akitoa miiba kwa kelele. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Ungepiga simu."

"Nilipiga."

"Ulipiga kesho yake."

"Ndiyo," mwanangu akasema. "Nilipiga kesho yake. Niliona haya."

Akatoa mwiba mwingine. Kisha: "Hii sombe haina chumvi."

Nilitaka kusema chumvi imo, nimeipika mimi. Mwanangu akainuka, akaleta chumvi.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu, na nilimshukuru Mungu kwa kila moja. Mvulana alivunja kikombe akamsingizia upepo. Msichana alikataa sare ya shule ambayo baba yake alimshonea, akasema shingo imekaa kama ya mtawa. Baba akaifumua, akashona tena, akaambiwa mikono sasa ni mirefu. Waligombania rafu za kabati, ipi ya juu ni ya nani, mpaka ikabidi baba yao awatenganishe. Jirani mmoja alipanda ngazi kulalamika kwamba watoto wanapiga mpira kwenye ukuta wake na walipokatazwa yule mdogo alimjibu, "Papa yangu ameruhusu!"

"Zamani walikuwa na adabu sana," jirani alisema kwa huzuni.

"Ni kweli, jirani," nikamwambia. "Karibu chai."

Sikunyamazia makosa. Niliwaadhibu kwa yaliyostahili adhabu, na mwanangu, aliyekuwa akijifunza, aliwaadhibu vilevile, na walimnunia, na asubuhi walimwamsha kwa kumvuta blanketi. Siku moja nilirudi kutoka misa ya asubuhi nikamkuta ameketi kitandani anatabasamu peke yake. Nikamwuliza kuna nini.

"Yule mdogo amekunywa chai yangu," akasema. "Yote. Nilikuwa nimeiacha ipoe, akaja akainywa, akaenda zake shule. Hata hakusema."

"Utamwadhibu?"

"Nitamwadhibu jioni," akasema, na akaendelea kutabasamu.

Mwezi wa nane mwanangu alininunulia tiketi moja ya basi la Lusaka, ambako ningeunganisha safari hadi nyumbani. Hakuniuliza ngapi, nami sikumwambia.

Stesheni palikuwa na baridi ya asubuhi na watu wengi wenye mablanketi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwaachia watoto, maneno ya bibi na ya katekista pamoja. Sikupata nafasi. Baba yao alikuwa amewanunulia juisi, na alikuwa amenunua ya embe, ilhali msichana alikuwa amesema chungwa. Amesema mara mbili, na mbele ya mashahidi. Mvulana alishuhudia kwamba hakusikia kitu kama hicho. Msichana akamwambia mdogo wake kwamba ni msaliti. Baba yao akajaribu kueleza kwamba chungwa zilikwisha. "Ungeuliza kwanza!" akaambiwa. Niliwabusu vichwani, mmoja baada ya mwingine, katikati ya kesi hiyo, nikapanda.

Kupitia dirishani niliwaona bado wanabishana, watatu, mikono inarushwa, midomo inafunguka na kufungwa, na mimi nyuma ya kioo sisikii neno. Walikumbuka kunipungia mkono basi likiwa limeshaanza kurudi nyuma.